Siri Niliyomsomea Kaka Yake

Kwa miaka kadhaa nilikuwa na duka la steshenari mjini Mpanda, kwenye barabara inayotoka sokoni. Nilikuwa na kompyuta mbili, mashine ya kutoa kopi, mashine ya laminesheni iliyokuwa inanuka plastiki ya kuungua, na kaunta buku moja lenye jalada gumu. Watu waliniita mama steshenari. Humo kwenye kaunta buku niliandika nywila zao.

Sikuanza kwa nia ya kushika siri za mtu. Walikuja kuomba ajira, vyeti vya kuzaliwa, nafasi za vyuo, na kila mahali huko mtandaoni palitaka barua pepe, na kila barua pepe ilitaka nywila. Namfungulia mtu akaunti leo, anarudi baada ya miezi miwili kashasahau. Tunafungua nyingine. Kumbe barua aliyokuwa anaisubiri imeingia kwenye ile ya kwanza, ambayo hakuna anayeweza kuifungua tena. Nilichoka na hali hiyo. Nikanunua kaunta buku, nikalipiga mistari: jina, barua pepe, nywila. Haukupita muda watu wenyewe wakawa wananiambia, niandikie kwako mama, kwangu itapotea.

Wengi waliweka majina ya watoto wao wa kwanza. Mwalimu mmoja mstaafu aliweka mstari wa wimbo wa kanisani, mrefu mpaka ukavuka safu. Mfugaji mmoja wa Kisukuma, aliyehamia huku na mifugo yake, aliweka jina la dume lake, na kila alipokuja aliinama juu ya kaunta akaninong'oneza jina hilo taratibu, kana kwamba dume lenyewe liko nje linasikiliza. Nilijisikia vizuri kuaminiwa hivyo. Mimi ni Mkonongo wa Inyonga, mtu wa kuja tu hapa mjini, na sasa nusu ya mtaa ilikuwa imeniachia funguo zake.

Mwisho wa kiangazi akaja muuguzi mmoja, vumbi jekundu limemkaa mpaka kwenye kope. Alitoka mwambao wa Ziwa Tanganyika, upande wa Kapalamsenga, alikokuwa muuguzi msaidizi kwenye zahanati. Vyeti vyake alivibeba kwenye mfuko wa plastiki uliowahi kubeba migebuka mikavu, na harufu ya samaki ilibaki kwenye skana yangu siku nzima. Alitaka kuomba nafasi ya kusoma stashahada ya uuguzi na ukunga. Nilimuuliza kwa nini sasa, maana hakuwa binti mdogo. Alinieleza kwamba miaka yote hiyo kazi yake imekuwa kuandika rufaa. Mjamzito akipata shida, yeye anaandika karatasi, mgonjwa anapandishwa kwenye chombo chochote kilichopo kwenda mbali, na yeye anabaki mlangoni ameshika kalamu. Alitaka kujua cha kufanya kabla ya karatasi.

Nikamfungulia barua pepe. Nywila alichagua jina la utani aliloitwa na marehemu baba yake, pamoja na tarakimu chache. Hakutaka kulitamka mbele ya watu, akaliandika kwenye kiganja, nami nikalinakili.

"Liandike na kwenye daftari lako, dada," akaniambia. "Kule kwetu kupata mtandao mpaka upande kilima."

Tulituma maombi, akarudi ziwani kesho yake. Tulikubaliana kwamba atakuja mwenyewe baada ya wiki sita kuangalia majibu.

Kabla wiki sita hazijaisha, akaja kaka yake. Nilimfahamu. Alikuwa seremala mtaa wa Ilembo, mtu mpole mwenye sauti ndogo, na rafu zote za dukani kwangu alizitengeneza yeye. Alisema mdogo wake amemtuma amtolee barua ya chuo kwa sababu yeye yuko zamu. Siku hiyo shule zilikuwa zinafunga, walimu walikuwa wanatoa kopi za ripoti za wanafunzi, na foleni ilifika mpaka barazani. Sikufikiri mara mbili. Nilifungua kaunta buku, nikamsomea nywila ya dada yake herufi moja moja, huku nikipanga karatasi kwenye mashine kwa mkono mwingine. Alikaa kwenye kompyuta ya pembeni kama dakika kumi. Alipoinuka akasema barua bado haijaja, akashukuru, akaondoka. Nilirudi kwenye kopi zangu.

Muuguzi alipofika, tulifungua barua pepe yake tukakuta hakuna kitu. Akasubiri, akaenda kunywa chai, akarudi, bado hakuna.  Nikapiga namba iliyokuwa kwenye tangazo la chuo, nikaweka sauti ya nje. Mama aliyepokea aliuliza jina, akatafuta, kisha akasema kwamba alichaguliwa, tena alikuwa miongoni mwa wa mwanzo, ila aliandika mwenyewe kwamba hatakuja. Nafasi ilishapewa mtu mwingine.

Muuguzi alicheka. Alidhani wamemchanganya na mtu. Mimi sikucheka, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vimeshafungua sehemu ya barua zilizotumwa, na barua ilikuwa pale. Ilisema anashukuru sana kwa kuchaguliwa, lakini kutokana na hali ya mama yake mzazi hataweza kuja, na anaomba nafasi apewe mwenye uhitaji. Chini kulikuwa na jina lake. Barua ya kuchaguliwa tuliikuta kwenye zilizofutwa.

Aliisoma ile barua mara mbili. Ilikuwa imeandikwa kwa adabu, haikuwa na kosa hata moja, na nadhani hilo lilimuumiza zaidi.

"Nani mwingine anaijua paswedi yangu?" akauliza.

Nilitamani kusema sijui. Ningeweza, mitandaoni mambo ya wizi ni mengi, na yeye angeniamini. Nikamwambia ukweli wote, siku ile ya ripoti, foleni, na jinsi nilivyomsomea kaka yake. Hakupandisha sauti. Aliitazama rafu ya mbao nyuma yangu, akanirudia.

"Kwa hiyo kwa dakika kumi yeye alikuwa mimi," alisema. "Na wewe ndiye uliyempa ruhusa."

 Nilifunga duka. Tulichukua bajaji mpaka Ilembo.

Kaka yake tulimkuta uani anapiga randa mlango, takataka za mbao zimemfika kwenye vifundo vya miguu. Alipotuona wawili alijua. Aliweka randa chini, akatuomba tuketi, na hakukana kitu. Alieleza kwamba tangu mama yao apate kiharusi, upande mmoja wa mwili haufanyi kazi, na anayemlisha, kumwogesha na kumgeuza kitandani ni huyu binti yake anayeishi naye kule ziwani. Akiondoka miaka yote ya masomo, mama atabaki na nani? Yeye ni mtoto wa kiume. Atamwogeshaje mama yake mzazi? Alisema alilifikiria jambo hilo kwa wiki nzima, na alipokuwa anaandika ile barua machozi yalimtoka, na niliamini. Kisha akamtazama dada yake.

"Ningekuuliza, ungesema unakwenda."

"Ningesema nakwenda, ndiyo," muuguzi akajibu. "Halafu tungekaa tutafute njia. Wewe umetafuta njia peke yako, ukaweka jina langu."

 Aliyedakia ni mke wa seremala. Muda wote alikuwa mlangoni na ungo wa mchele mkononi, na mimi nilikuwa sijamtilia maanani. Alisema kwa utulivu kwamba katika habari hii yote, tangu mama mkwe aanguke, hakuna hata siku moja mtu alimuuliza yeye. Kwao alimuuguza bibi yake kwa miaka mitatu. Anajua kugeuza mgonjwa asipate vidonda. Chumba kipo, hospitali ya mji iko karibu kuliko kule ziwani, na mama angeweza kuletwa.

"Nyie mnagombania mzigo ambao mimi naweza kuubeba," alisema, akaendelea kupepeta.

Seremala aliinamisha kichwa. Muuguzi hakumsamehe siku ile, wala sikutegemea amsamehe. Lakini tulipoondoka wifi yake alimsindikiza mpaka barabarani, wameshikana mikono, wanapanga habari za godoro.

Asubuhi iliyofuata muuguzi alikuja dukani mapema kukiandikia chuo. Kabla ya kuandika alitaka kwanza akaunti yake ifungwe vizuri, asiweze kuingia mtu yeyote, na hapo alinitazama ili nielewe kwamba na mimi nimo kwenye yeyote. Tulianza na kubadilisha nywila. Nilimpa kiti changu, nikageukia ukutani, nikamsikia anabonyeza vitufe taratibu. Ndipo kwenye skrini ukatokea ule ujumbe ambao nilishauona mara nyingi kwenye akaunti za watu, na kila mara nilibonyeza "Siyo sasa" kwa sababu kulikuwa na foleni. Ulikuwa unauliza kama anataka kutengeneza ufunguo wa siri. Safari hii hakukuwa na foleni. Nikausoma wote, nikabonyeza pale pa maelezo zaidi, nikasoma na hayo.

Nilimweleza kadiri nilivyoelewa, na baadaye kijana anayefundisha kompyuta chuo cha ufundi alinihakikishia kwamba sikukosea sana. Ni kwamba ufunguo unatengenezwa ndani ya simu yako na unakaa kwako. Ukitaka kuingia, ile tovuti inaiuliza simu, na simu inakuuliza wewe: kidole, au uso, au namba unayofungulia simu kila siku. Kidole chako hakisafiri kwenda popote. Simu ikishajua ni wewe, inaijibu tovuti. Hakuna neno la kukumbuka wala la kumtajia mtu. Hata mtu akitengeneza ukurasa wa uongo unaofanana na ule wa kweli, wewe macho yako yanaweza kudanganyika, lakini ufunguo haupakubali, kwa sababu hapo sipo ulipotengenezewa.

Alisikiliza kama anavyosikiliza maelezo ya dawa. Kisha akauliza maswali mawili, na yalikuwa ndiyo yenyewe. La kwanza, simu ikitumbukia ziwani? Hilo ilibidi tulisome pamoja. Tukaona kwamba inafaa awe na ufunguo mwingine kwenye kifaa kingine. Simu yake ya zamani, iliyopasuka kioo lakini bado inawaka, ilikuwa kwenye mkoba, na alisema itakaa kwenye sanduku la vyeti. Alichukua pia zile namba za dharura ambazo tovuti inakupa, akazinakili kwa mkono wake mwenyewe.

La pili lilinihusu mimi.

"Na wewe utakuwa unajua nini?"

"Sitajua kitu," nikamwambia.

"Hata nikikuomba?"

"Hata ukiniomba. Sitakuwa na cha kusoma."

Hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza tangu aione ile barua.

Tulipohamia kwenye simu yake kuutengeneza, kidole kilitusumbua. Mikono yake ilikuwa imechoka kwa maji ya dawa, yale ya kusafishia vyumba na vifaa vya zahanati, na ngozi ya ncha za vidole imekuwa laini kama karatasi iliyolowana. Alijaribu cha shahada cha kulia, simu ikakataa. Cha kati, ikakataa. Akasema hata wakati wa kusajili laini walimhangaisha hivyo hivyo, akafuta mikono kwenye kanga, akajaribu gumba la kushoto. Likakubali. Tulijaribu kutoka na kuingia mara nne mfululizo ili aone. Kila mara aliweka gumba na barua pepe ikafunguka, na kila mara alinitazama kama anayenithibitishia jambo.

Barua ya chuoni aliiandika mwenyewe, kwa vidole viwili, ikachukua saa nzima. Hakumtaja kaka yake. Aliandika kwamba ujumbe wa kwanza haukuandikwa naye, kwamba bado anataka kusoma, na kwamba yuko tayari kusubiri. Chuo kilijibu baada ya siku chache kwamba nafasi ya mwaka ule imekwenda, ila maombi yake yatazingatiwa kwenye udahili unaofuata iwapo atathibitisha. Alithibitisha akiwa kilimani kule kwao, bila mimi. Nilijua kwa sababu alinipigia baadaye kuniambia tu.

Mimi nilibaki na kaunta buku. Sikulichoma. Niliona si haki kuchoma kitu cha watu bila kuwaambia. Nilikaa nalo kwenye kaunta, na kila aliyeingia niliyemwona humo nilimkatia mstari wake kwa mkasi, nikampa kijikaratasi chake mkononi, nikamwambia nimekoma kutunza, na kama ana dakika chache nimwonyeshe njia nyingine. Wengine walikasirika. Mwalimu mstaafu alisema namfukuza. Kuna waliokuwa na simu za kubonyeza tu, hao ufunguo wa siri haukuwafaa, na tulitafuta daftari dogo la kukaa nyumbani kwao, si kwangu.

Mama mmoja kutoka Katumba ndiye aliyenifundisha kwamba hata hii njia mpya ina mipaka yake. Simu yao ni moja, wanaitumia yeye na binti zake watatu, na wote wanajua namba ya kuifungua. Nilipomaliza maelezo yangu mazuri alinitazama kwa huruma.

"Ufunguo wa watu wanne," alisema, "si bora tuache mlango wazi?"

Alikuwa sahihi. Yeyote anayeweza kufungua simu angeweza kufungua na barua zake. Tulizungumza kwa muda mrefu siku ile, na mwishoni yeye ndiye aliyeamua: simu itabaki ya wote, lakini namba ya kuifungua ataibadilisha aijue yeye tu, na mabinti wakiitaka watakuja kwake afungue. Sijui nyumbani ilikwendaje. Aliporudi msimu wa tumbaku, simu ilikuwa kifuani kwake, imefungwa kwenye ncha ya kitenge.

Kuna siku nilimkumbuka seremala na kujiuliza kama nilimtwisha yeye lawama yote ili yangu ipungue. Alidanganya, ndiyo. Lakini mlango niliufungua mimi, tena nikiwa najiona mwaminifu. Nimejifunza kwamba unaweza kutunza siri ya mtu kwa mapenzi kabisa na bado ukawa mahali inapovujia.

Mama yao aliletwa Ilembo masika yalipoisha, barabara ilipokauka. Nilikwenda kumsalimia. Alikuwa amelazwa karibu na dirisha, macho makali, mdomo umevutwa upande. Wifi alikuwa amemsuka nywele. Muuguzi alikaa nao mwezi mzima akiwafundisha, na nilisikia kwamba wiki ya kwanza aliongea na wifi tu, na kaka yake alipata maelekezo kupitia kwa mkewe, hata wakiwa chumba kimoja. Wiki ya pili alimwambia moja kwa moja aje ashike mguu wa mama, amwonyeshe namna ya kuukunja. Alishika.

Barua ya kuchaguliwa mara ya pili muuguzi aliipata akiwa ziwani. Hakunipigia siku hiyo. Aliyeniletea habari ni seremala mwenyewe, alikuja dukani kununua bahasha, akasimama kaunta muda mrefu kuliko bahasha inavyohitaji. Alisema dada yake amemtumia picha ya barua. Yeye ndiye wa kwanza aliyetumiwa. Alisema hivyo akiangalia chini, kisha akauliza kama rafu zangu zinahitaji kukazwa misumari, maana aliona moja imeinama.

Sasa muuguzi yuko mwaka wa pili. Anapenda kulalamika kuhusu chakula cha chuoni, kwamba hakuna samaki wa maana. Duka nimemwachia mpwa wangu wa kike, naye hana daftari la namna ile. Mteja akianza kumtajia nywila anaziba masikio kwa vidole mpaka mtu acheke. Mimi nalima kidogo, na napita Ilembo nikienda shambani.

Juzi nilipita asubuhi, jua halijawa kali. Mlango wa uani ulikuwa wazi. Seremala alikuwa anatembea kinyumenyume, taratibu, amemshika mama yake mikono yote miwili, na mama anavuta mguu ule mgonjwa kwenye udongo uliofagiliwa, hatua moja, anapumzika, hatua nyingine. Mkewe alikuwa pembeni ameinua simu, anawarekodi ili muuguzi aone. Seremala alikuwa anahesabu hatua kwa lugha ya kwao. Alipofika kumi na moja akakosea akarudia kumi, na mama yake, kwa ule mdomo uliopinda, akamsahihisha.